Haki, Leseni au Idhini? Uhakiki wa Istilahi za Utangazaji wa Mpira wa Ulaya

Kila fani inayoingia nchini huja na maneno yake. Kazi ya waundaji wa istilahi ni kuyapokea maneno hayo mlangoni, kuyauliza yametoka wapi na yanabeba nini, kisha kuyapa makao yanayoyafaa. Mpira wa miguu uliingia zamani na maneno yake yalipokewa vizuri. Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam wa miaka ya 1970 walimzoeza msikilizaji kusikia mlinda mlango, mkwaju, kona, kuotea na mpira wa adhabu, hata mtu aliyekuwa mbali kabisa na uwanja akaweza kuufuata mchezo kwa masikio tu. Lakini biashara ya kuuonyesha mpira kwa malipo, hasa mpira wa vilabu vya Ulaya, iliingia baadaye bila kubisha hodi. Maneno yake yalitwaliwa haraka haraka kwa ajili ya vichwa vya habari, na mengi yao hayajapimwa sawasawa.

Makala haya yanakusudia kuyapima. Hoja yetu ni moja: kwamba neno "haki", kama linavyotumiwa katika usemi "haki za matangazo", linaficha jambo ambalo mwananchi anahitaji kulijua kuliko lolote lingine. Jambo lenyewe ni kwamba kinachouzwa si haki bali ni idhini. Tena ni idhini yenye mipaka ya mahali, ya muda na ya namna ya matumizi. Kufichika huku si kosa la ufasaha tu. Tangu yalipofanyika marekebisho ya sheria mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania. Yale yaliyokuwa yakiandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na mawakili wachache, sasa hapana budi yaandikwe kwa lugha ya wote. Neno lililolegea gazetini huleta mabishano barazani. Neno hilohilo likilegea katika hati huleta hasara.

Jumamosi katika kata ya Nkende

Tuchukue mfano wa mahali pamoja ili hoja isielee hewani. Nkende ni kata katika Halmashauri ya Mji wa Tarime, Mkoa wa Mara. Hapa ni katika nchi ya Wakuria, na kwa wenyeji wengi Kiswahili ni lugha ya pili, lugha ya shule, ya soko na ya ofisi. Mtu akielekea kaskazini hufika Sirari mpakani. Na ng'ambo ya mpaka ni Isebania, nchini Kenya, ambako Wakuria wenzao husema Kikuria chao pamoja na Kiswahili chenye tofauti ndogo ndogo za maneno. Huku tunasema kituo "kinarusha" mchezo. Kule husemwa kwamba "kinapeperusha".

Katika kata za namna hii, kama ilivyo mahali pengi nchini, wapenzi wa mpira wa Ulaya hukutana katika ukumbi ambao watu wenyewe wameupa jina la "kibanda umiza". Ni banda lenye mabenchi na runinga moja au mbili, na watazamaji wanaobanana hata jina likastahili. Mtazamaji hulipa kiingilio. Mwenye banda naye huilipa kila mwezi kampuni ya televisheni ya kulipia, na ukutani ametundika leseni ya biashara. Anaposikia kwamba kampuni ile "imenunua haki za matangazo" ya Ligi Kuu ya Uingereza, huelewa hivi: kampuni imenunua, nami nimenunua kwao, basi kilicho ndani ya banda langu ni changu. Mantiki yake haina kasoro. Kasoro imo katika maneno aliyopewa. Ikiwa malipo yake ni yale ya nyumbani, hayamruhusu kumwonyesha hata mtu mmoja aliyelipa kiingilio. Siku atakapofika mkaguzi na kuyachukua vyombo vyake, atalalamika kwamba ameporwa haki yake. Na kwa Kiswahili alichofundishwa na magazeti atakuwa amesema sawa.

Matangazo na utangazaji

Tuanze na nusu ya pili ya usemi huu, yaani "matangazo". Neno hili limetwishwa mizigo mitatu. Kwanza, tangazo ni taarifa iliyobandikwa ubaoni au kusomwa kwa watu. Pili, ni maneno ya kuisifu bidhaa ili inunuliwe. Tatu, ni jambo linalorushwa na redio au televisheni. Enzi za redio mzigo huu wa tatu haukumlemea mtu. Mtangazaji aliketi uwanjani akautangaza mchezo kwa kinywa chake, na "matangazo ya mpira" yalikuwa ndiyo maneno yake hasa. Zanzibar ilipoanza televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara ilipopata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994, neno lilihama kutoka redioni kwenda kwenye picha bila kubadilisha nguo.

Leo kinachouzwa kwanza ni picha. Maelezo ya mtangazaji ni sehemu tu ya bidhaa, na kila nchi huweza kuweka ya kwake. Matangazo ya biashara nayo ni mali nyingine yenye wateja wengine. Mfano uko hapa nyumbani. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka huohuo benki ya NBC iliingia mkataba mwingine wa kuidhamini ligi hiyohiyo na kuipa jina lake. Msomaji anayeambiwa kwamba kampuni ya kwanza imepata "haki za matangazo" ana sababu ya kuuliza: matangazo yapi? Je, nayo yale ya benki ni yake? Kiswahili kina neno safi la kuondoa utata huu, nalo ni "utangazaji", yaani tendo lenyewe la kurusha. Hatuna sababu ya kulipita neno hilo na kwenda kuazima jirani yake aliyechoka.

Haki, hakimiliki na hakishiriki

Nusu ya kwanza ya usemi ndiyo yenye tatizo zito zaidi. Wafasiri wengine, wakitaka kuwa wa kisheria, huiacha "haki za matangazo" na kuandika "hakimiliki ya michezo". Hili ni kosa, na yafaa lielezwe kwa urefu.

Sheria ya Tanzania Na. 7 ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Waliounda jina hili walifanya kazi nzuri. Hakimiliki ni ya mtunzi juu ya utungo wake. Hakishiriki ni ya wale wanaoufikisha utungo kwa watu. Mgawanyo huu unafuata mawazo ya Mkataba wa Roma wa tarehe 26 Oktoba 1961, uliowalinda wasanii watendaji, watayarishaji wa rekodi za sauti na mashirika ya utangazaji. Sasa tujiulize: mchezo wa mpira uko upande gani? Je, dakika 90 za wachezaji 22 ni utungo?

Swali hili lilijibiwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya tarehe 4 Oktoba 2011. Mama mmoja mwenye baa mjini Portsmouth, Uingereza, Karen Murphy, alikuwa akiwaonyesha wateja wake michezo ya Ligi Kuu ya Uingereza kwa kutumia kadi ya king'amuzi cha Ugiriki, ambayo ilikuwa na bei nafuu kuliko huduma ya kwao. Alishtakiwa na kutiwa hatiani. Shauri lilipofika katika mahakama ya Ulaya, majaji walitamka mambo matatu yanayotuhusu sana sisi wa istilahi. La kwanza, mchezo wa mpira si utungo, kwa kuwa umefungwa na kanuni zisizoacha nafasi ya ubunifu ambao sheria ya hakimiliki huutaka. Kwa hiyo hauna hakimiliki. La pili, vitu vinavyoambatana na picha, kama wimbo wa ligi, michoro yake na filamu zilizotayarishwa mapema, vinaweza kuwa na hakimiliki, na kuvionyesha katika baa ni kuvifikisha kwa umma, jambo linalohitaji idhini ya mwenyewe. La tatu, kumkataza mtu asitumie kadi ya nchi nyingine ya Umoja huo kulipingana na uhuru wa huduma na ushindani. Mwaka 2012 mahakama ya Uingereza iliifuta hatia ya mama huyo.

Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Tarime, wala hatudai hivyo. Lakini unamfunza mfasiri kutochanganya. Anayeandika "hakimiliki ya mechi" anadai kwamba mchezo una mtunzi. Tena mwenye banda wa mpakani anayejiuliza kama kadi iliyolipiwa ng'ambo ya Sirari inafaa kutumika Nkende, anauliza swali lilelile la Portsmouth. Naye anastahili kujibiwa kwa maneno yanayotofautisha mchezo, picha ya mchezo, na ruhusa ya kuipokea picha hiyo mahali fulani.

Shamba la msimu mmoja

Basi ni nini hasa kinachopita mkononi kampuni inaposemekana "imenunua haki"? Tukitazama mwenendo wa biashara yenyewe tutaona alama tatu.

Alama ya kwanza ni muda. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza mwaka 1992 ikishikana mkono na televisheni ya kulipia, na tangu hapo michezo yake hutolewa kwa vipindi. Kwa Uingereza peke yake kipindi kilichoanza msimu wa 2025/26 ni cha misimu minne, kwa thamani ya pauni bilioni 6.7. Kipindi kikiisha, kila kitu hurudi kwa ligi nayo huita wanunuzi upya. Afrika Mashariki tulionja uchungu wa jambo hili. Kampuni ya GTV ilitwaa sehemu kubwa ya michezo ya ligi hiyo kwa Afrika mwaka 2007, ikauza vyombo vyake katika nchi nyingi, kisha Januari 2009 ikafunga kazi ghafla. Waliokuwa wamelipa kabla walibaki na masahani juu ya mapaa na skrini zisizoonyesha kitu. Hawakuwa na "haki" yoyote waliyoweza kuishika mkononi.

Alama ya pili ni mahali. Huko Uingereza kwenyewe kuna utaratibu wa zamani usioruhusu mchezo kuonyeshwa moja kwa moja Jumamosi kati ya saa tisa kasorobo alasiri na saa kumi na moja na robo jioni, ili watu waendelee kwenda viwanjani. Marufuku hiyo ni ya kule tu. Mchezo unaoanza saa tisa alasiri kule, kwetu ni saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni kwa kufuata majira yao, na mtazamaji wa Nkende huweza kuutazama mchezo ambao jirani wa uwanja wenyewe haonyeshwi nyumbani kwake. Picha ni moja. Mipaka ndiyo inayotofautiana.

Alama ya tatu ni mgawanyo. Michezo hukatwa mafungu, na kila fungu hutolewa peke yake. Katika kipindi hicho cha 2025 kule Uingereza yalikuwa mafungu matano, Sky wakachukua manne na TNT Sports moja. Kuna fungu la michezo ya moja kwa moja, kuna la dondoo za mchezo zinazoonyeshwa baadaye, kuna la redio.

Kitu kinachotolewa kwa muda, kwa eneo na kwa mafungu, kisha kikarudi kwa mwenyewe, Mswahili hakukiita kununua. Mkulima wa Tarime anajua tofauti ya kununua shamba na kukodi shamba. Aliyekodi hulima mahindi yake msimu huo, huvuna, na ardhi hubaki ya mwenyewe. Hawezi kuiuza, wala hawezi kumkaribisha mwingine alime bila mwenye shamba kukubali. Utangazaji wa mpira ndivyo ulivyo, hata neno "msimu" ni lilelile. Usemi "kununua haki" umegeuza mpangaji akaonekana mwenye nyumba.

Kwa nini isiwe leseni?

Wengine watasema: basi tuseme "leseni ya utangazaji". Pendekezo hili lina mvuto, lakini linagonga mwamba mara mbili. Kwanza, leseni ya utangazaji tayari ina maana yake. Ni ile inayotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa anayetaka kuendesha kituo. Kituo huweza kuwa na leseni hiyo na kisiwe na ruhusa ya kurusha hata mchezo mmoja wa Ulaya. Pili, katika masikio ya wananchi leseni hutoka kwa Serikali. Yule mwenye banda wa Nkende ana leseni ya biashara, nayo ni halali kabisa. Ukimwambia kwamba hana leseni atakuonyesha ukutani.

Hapa lugha yetu ina tofauti ya thamani ambayo tumeizembea. Leseni na kibali hutoka kwa mamlaka. Idhini hutoka kwa mwenye kitu. Mzazi hutoa idhini mwanawe apasuliwe. Mwenye shamba hutoa idhini njia ipite. Neno hili ni la zamani, linaeleweka Bara na Visiwani, na halijatwishwa mizigo mingine katika fani hii. Kwa hiyo twapendekeza kwamba kinachotolewa na ligi kwa kampuni, na na kampuni kwa mwenye ukumbi, kiitwe "idhini".

Hatusemi kwamba neno "haki" lifukuzwe. Mwenye mashindano ana haki zake. Kituo kina hakishiriki yake juu ya urushaji wake. Aliyepewa idhini ya pekee naye hupata haki zinazotokana na mkataba, na huweza kumshtaki anayemwingilia. Tunachosema ni kwamba haki ni mzizi na idhini ni tunda. Ajaye sokoni hununua tunda.

Tena ipo haki kwa maana ile kongwe, ya kila mtu kupata kilicho chake. Maana hii nayo inaishi ndani ya mpira. Uingereza, kwa Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1996, imeweka orodha ya mashindano ambayo hayawezi kuachwa mikononi mwa televisheni ya kulipia peke yake, na fainali ya Kombe la FA imo. Huko haki ya umma imewekwa kuwa mpaka wa biashara ya idhini. Sisi tukiita vyote viwili "haki", tutashindwa hata kuuliza swali hili kwa lugha yetu: je, kuna michezo ambayo kila Mtanzania anastahili kuitazama bila malipo? Swali hilo ni la watunga sera, si la makala haya. Lakini haliwezi kuulizwa na watu wasio na maneno mawili.

Kutazama na kuonyesha

Kiswahili kimebarikiwa vitenzi. Kutazama ni kwa macho yako mwenyewe. Kuonyesha ni kwa macho ya wengine. Tofauti hii, ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaijua, ndiyo hasa iliyo katika sheria. Kifungu cha 13 cha Mkataba wa Roma kinalitaja jambo la kuonyesha televisheni mahali panapoingiwa na watu kwa kiingilio, na kukiachia sheria ya kila nchi kiweke masharti. Waandishi wa mwaka 1961 hawakujua kibanda umiza, lakini walikieleza barabara.

Hata hivyo masharti ya huduma, yanapotafsiriwa, hutumia maneno kama "kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara". Kila neno hapo ni sahihi na sentensi nzima ni bubu. Mwenye banda huona kwamba banda ni lake binafsi. Tulinganishe na maneno haya: "Malipo haya yanakuruhusu kutazama wewe na watu wa nyumbani mwako. Hayakupi idhini ya kuwaonyesha watu wengine ukumbini, wawe wamelipa kiingilio au hawakulipa. Ukitaka kuonyesha ukumbini, omba idhini ya ukumbi." Maneno yameongezeka, lakini ugomvi umepungua. Mfasiri asiogope urefu pale ufupi unapomponza msomaji.

Mubashara, mtiririko na kifurushi

Yamebaki maneno ya intaneti. Hapa twaona uzuri na fujo pamoja. Uzuri ni kwamba wananchi na wataalamu wameonyesha uwezo wao. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, neno "king'amuzi" lilienea upesi, likiwa limetoka katika kung'amua. Nalo "kisimbuzi", lililotoka katika kusimbua, likashika nafasi katika nyaraka za Serikali. Hatuoni ubaya wa yote mawili kuishi, la kwanza katika matangazo kwa umma, la pili katika hati zinazozungumzia kusimba na kusimbua.

Fujo inaanza na "mubashara". Neno hili la asili ya Kiarabu lina maana ya moja kwa moja, na limeenea sana katika miaka ya karibuni. Lakini siku hizi hutumiwa hata kwa kurusha kwa intaneti, kana kwamba intaneti na mubashara ni kitu kimoja. Sivyo. Mubashara ni habari ya wakati: tukio linaonekana linapotokea. Mchezo wa jana huweza kutazamwa kwa intaneti, na mchezo wa sasa hivi huweza kutazamwa kwa sahani. Njia ya intaneti, ambayo picha hufika kidogo kidogo huku ikitazamwa bila kupakuliwa kwanza, inahitaji neno lake. Vijana husema "kustrimu". Sisi twaunga mkono "kutiririsha" kwa anayetuma na "mtiririko" kwa kinachokuja. Mzizi ni wetu, sura ya maji yanayopita bila kuhifadhiwa ni sahihi, na neno linakaa vizuri kando ya "kupakua" na "kupakia" yaliyokwisha kukubalika.

Tofauti hii nayo ina fedha ndani yake. Idhini ya kurusha kwa satelaiti na idhini ya kutiririsha huweza kutolewa mbali mbali. Mwaka 2024 Showmax ilianza kuuza katika nchi nyingi za Afrika mpango wa kutazama Ligi Kuu ya Uingereza kwa simu ya mkononi tu. Aliyelipia mpango kama huo hakupewa ruhusa ya kuutoa mchezo katika simu na kuuweka kwenye ukuta wa banda. Aidha, neno "kifurushi" sasa lina kazi mbili: kuna kifurushi cha chaneli na kuna kifurushi cha intaneti, ambacho wengi hukiita bando. Anayetazama kwa mtiririko hulipia vyote viwili, na akisoma "lipia kifurushi chako" hajui ni kipi. Hapa tiba ni rahisi: neno lisisimame peke yake. Na lile rundo la michezo ambalo ligi huigawia kampuni lisiitwe kifurushi kabisa, bali "fungu", kama fungu la nyanya sokoni.

Pingamizi moja

Yumkini msomaji atasema: "haki za matangazo" imekwisha kuzoeleka, mtawezaje kuing'oa? Jibu letu ni kwamba hatukusudii kuing'oa katika mazungumzo wala katika vichwa vya habari. Mto haurudishwi nyuma kwa makala. Lakini istilahi si lugha yote. Ni lugha ya mahali ambapo kosa lina gharama. Daktari na jirani hawaiti ugonjwa kwa jina moja, na wote huelewana. Tunachotaka ni kwamba hati, sheria, hukumu, masharti ya huduma na vitabu vya shule vishike maneno yaliyopimwa. Biashara hii nayo haitulii: Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice ya Afrika Kusini, iliyokuwa ikiuleta mpira huu kwa miaka mingi. Kampuni hubadilika na mikataba huandikwa upya. Huo ndio wakati wa kuandika vizuri.

Mapendekezo

Kwa hiyo twaweka mbele ya wafasiri, walimu na maofisa mapendekezo yafuatayo:

(a) Utangazaji: tendo la kurusha picha au sauti kwa umma. Matangazo ya biashara: maneno au picha za kuuza bidhaa. Maelezo ya mchezo: maneno ya mtangazaji anayeusimulia mchezo.

(b) Mwenye haki: ligi, chama au klabu yenye mashindano.

(c) Idhini ya utangazaji: ruhusa itolewayo na mwenye haki kwa kituo, kwa eneo na muda uliotajwa. Ikitolewa kwa mmoja tu, iitwe idhini ya pekee. Tusiseme "ya kipekee", maana wengi husikia sifa ya uzuri.

(d) Leseni ya utangazaji: ibaki kwa ile itolewayo na mamlaka ya Serikali.

(e) Idhini ya ukumbi: ruhusa ya kuwaonyesha watu wengine, kwa kiingilio au bila kiingilio.

(f) Eneo la idhini: nchi au sehemu ambamo idhini inatumika.

(g) Fungu la michezo: sehemu ya mashindano inayotolewa kwa pamoja.

(h) Mubashara: wakati uleule wa tukio. Kutiririsha: kurusha kwa intaneti bila kupakua, iwe mubashara au baadaye.

Kwa kipimo, tuitwae sentensi ya magazeti: "Kampuni imenunua haki za matangazo ya ligi." Kwa istilahi hizi itakuwa: "Kampuni imepewa idhini ya pekee ya utangazaji wa ligi, kwa nchi zilizotajwa, kwa misimu mitatu." Aliyesoma sentensi ya pili anajua ni nani mwenye haki, nani mpangaji, wapi na mpaka lini. Akiwa ni mwenye banda Nkende, anajua pia kwamba liko swali moja hajauliza, nalo ni la idhini ya ukumbi wake. Naye ataliuliza kabla ya msimu kuanza.

Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa walio mipakani ambako Kiswahili cha nchi mbili hukutana, wanaombwa wayalete yajadiliwe.